Siku Tuliyompaka Unga Mwalimu Seif

Naam, ni kweli. Khabari mliyoisikia, ya kwamba nilimpaka unga wa ngano usoni mtu mzima mwenye heshima zake, mwalimu mkuu mstaafu, tena baba wa kijana aliyekuwa anamposa binti yangu, ni kweli tupu. Walioongeza kwamba nilimtia na hamira wamezidisha. Hamira haikuwemo.

Nnakuelezeni mwenyewe, nyie vijana mnaoingia kazi hii sasa, kwa sababu nyote mnadhani kompyuta inajua inachokitazama. Mimi nimekaa nayo chumba kimoja hapo Hamriya, mjini Muscat, juu ya duka la vitambaa, mpaka nikastaafu, na nnakwambieni haijui. Inabahatisha kama sisi. Tofauti yake na sisi ni kwamba yenyewe haioni haya.

Asili yangu mimi ni mpiga picha za pasipoti. Nilikuwa na kijistudio, na ufundi wangu mkubwa ulikuwa kumfuta mtu jasho la pua bila ya yeye kuona kama nimemgusa. Simu zilipoanza kupiga picha nzuri kuliko mimi, nikafunga. Ndipo akanipigia Ruqaya, binti wa jirani zetu wa zamani, wazee wake wametoka Unguja kama wangu. Alikuwa karudi masomoni, injinia mzima, kafungua karakana. Alikuwa akichukua picha ya kitu, kompyuta inakisia umbo lake, kisha mashine inalichonga kwenye mbao au shaba, linatokeza kama nakshi ya mlango.

"Ammi Khamis," akaniambia, "mashine nnazo. Nnataka mtu anayejua taa."

Umri wake ni sawa na wa binti yangu Asya, na ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa kazi. Msione vibaya kufunzwa na mdogo. Mimi niliona vibaya siku tatu, nikazipoteza bure siku tatu.

Somo la kwanza alinifunza kwa andazi. Alimwita Mama Neema, aliyekuwa akitupikia chai na kutusafishia karakana, mtu wa Singida, mama mwenye maneno machache lakini kila moja lina uzito wa jiwe la kusagia. Mama Neema akaleta andazi kwenye sahani. Ruqaya akaliweka chini ya taa.

"Wapi peupe, ammi?"

"Upande wa taa."

"Wapi kiza?"

"Upande wa pili."

"Na baina ya hapo?"

"Panafifia kidogo kidogo."

"Basi hicho ndicho kinachoonwa na kompyuta. Haioni andazi. Inaona weupe na kiza. Panapong'aa husema, hapa pameielekea taa. Panapofifia husema, hapa pameinama. Ikishakisia kila mahali pameinama kiasi gani, inaiunganisha miinamo yote, ndiyo inapata umbo."

"Na ikikosea?"

"Itakosea sana," akasema, akalimega andazi akala.

"Madam," akasema Mama Neema, "mkimaliza kuliangalia naomba sahani yangu."

Kukosea kwenyewe hakukuchelewa. Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa dele la kahawa, la mteja mmoja wa huko Bustan aliyetaka lichongwe juu ya kasha la mahari. Dele la shaba, limesuguliwa mpaka unajiona. Nikalipiga picha kwa fahari zangu zote. Kompyuta ikasoma, mashine ikachonga, na likatoka dele lenye pembe. Pembe hasa, kubwa kama ya mbuzi, imetokeza ubavuni.

Mama Neema akalitazama, kashika ufagio. "Hili birika limeota jipu?"

Ulikuwa mng'ao tu wa taa yangu. Kitu kinachong'aa kina doa jeupe ambalo si la mwinamo wake, ni taa inajitazama kwenye kioo, na kompyuta maskini inaamini kila inachokiona. Tangu siku hiyo, chombo kinachong'aa nakifuta kwa kitambaa chenye vumbi la chokaa kwanza. Liandikeni hilo. Kinachong'aa kinadanganya, na sisemi vyombo peke yake.

Mara nyengine nikachonga ua la waridi kutoka mlango wa kale. Taa niliiweka kulia, lakini kwenye kompyuta nikaandika kushoto, kwa kuwa simu ilikuwa inalia. Ua likatoka ndani nje. Kila jani lililotokeza likawa shimo, kila shimo likawa kilima. Ruqaya hakunigombeza. Alinipa nile uji ndani yake.

"Mashine haijui mwanga umetoka wapi, ammi. Wewe ndiye shahidi wake. Ukisema uongo, nayo inaapa uongo."

Uji ulikaa vizuri sana katika ua lile, kwa kweli. Tulilitumia kama bakuli la tende mpaka likapasuka.

Haya, sasa Mwalimu Seif.

Wanafunzi wake wa zamani walitaka kumtundika kwenye ukumbi wa skuli, kibao cha shaba, uso wake umetokeza. Wakaja kwetu. Na mimi moyo ukanipasuka kwa furaha na kwa khofu pamoja, maana kijana wake, Haitham, alikuwa anamtaka Asya wangu, na Ijumaa ya wiki ileile ndiyo posa ingeletwa nyumbani. Nikajiambia, Khamis, mtengenezee mkwe wako uso ambao hajapata kuwa nao.

Nikamtengenezea.

Mwalimu Seif mnamjua, au wazee wenu wanamjua. Mrefu, mkimya, kofia imenyooka kama imepigwa kwa rula, na ndevu nyeusi tii, za mtu wa miaka thalathini, kwenye uso wa miaka sabini. Muscat nzima ilisema ni baraka. Hakuna aliyethubutu kusema kitu chengine. Nilimpiga picha kwa taa laini, akatoka vizuri, nikaitia picha kwenye kompyuta, nikaenda kuswali. Niliporudi mashine ilikuwa ishamaliza kumchonga kwenye mbao ya majaribio.

Paji la uso lilikuwa safi. Pua, maashaallah. Halafu ukishuka chini ya mdomo, mtu anakatika. Ndevu zote zilikuwa shimo. Baka lake dogo jeusi la shavuni lilikuwa tundu la msumari. Na kuuzunguka ukingo wa shimo la ndevu, kutoka sikio hadi sikio, kulisimama ukuta mwembamba, mzuri, umejengeka sawasawa, kama kisima kilichozungushiwa ukuta ili watoto wasitumbukie.

"Kompyuta haijui weusi," akasema Ruqaya, kajishika kichwa. "Kila kiza kwake ni mwinamo. Ndevu ni nyeusi kwa rangi yake, yenyewe imedhani zimeigeuzia taa mgongo, ikachimba."

"Na ukuta?"

Aliinama, akatazama picha kwa karibu, akanyanyuka pole pole. "Ammi," akasema kwa sauti ya chini, "imeona weupe, ikajenga. Kwenye mizizi ndevu zake ni nyeupe."

Tulikuwa hatujamaliza kutazamana pale tuliposikia hodi. Mwalimu Seif mwenyewe, na mkewe Bi Shariffa, walikuwa wanapita kununua kitambaa chini, wakaona wapande watusalimu.

Mama Neema ndiye pekee aliyetumia akili. Alichukua kitambaa cha meza, akaufunika ubao, akaweka juu yake vikombe na chupa ya chai. "Shikamoo Mwalimu. Karibuni chai."

"Marahaba." Mwalimu akakaa. Tukaulizana khabari za nyumbani, za joto, za magoti. Akajaziwa kikombe. Kikombe kikaanza kuinama. Akakisimamisha. Kikainama tena, kikazama taratibu na kitambaa chake, kikatoweka mpaka kwenye mkono wa kikombe. Mwalimu Seif amefundisha jiografia miaka yote ile, hawezi kuona ardhi inadidimia asichunguze. Akafunua.

 Chai ilikuwa imejaa kisimani.

"Khamis. Huyu nani?"

"Hiyo ni... ni rasimu, Mwalimu."

"Rasimu ya nani?"

"Yako."

Akatia kidole shimoni. Kikaingia chote. "Na hili?"

"Ndevu zako. Kompyuta haijui weusi, Mwalimu, kwake kila kiza ni bonde."

"Na huu ukuta?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutunga jambo, lakini Bi Shariffa alinitangulia.

"Mizizi hiyo!" akapiga makofi. "Si nilikwambia Alkhamis upake rangi tena? Ukasema haionekani! Haya, mpaka mashine imeiona!"

Nnakwambieni, nimewahi kuangusha kamera ya watu baharini, nimewahi kumwita bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bibi harusi, lakini aibu kama ile sijaipata tena. Mwalimu Seif alisimama, akaweka kofia sawa, ingawa ilikuwa sawa.

"Tutaonana Ijumaa, Khamis. Inshaallah."

Inshaallah ile haikuwa ya kawaida.

Nilipofika nyumbani Asya alikuwa ananingoja mlangoni. "Baba, umemfanya nini baba yake Haitham? Naambiwa kaingia chumbani, chakula kakataa."

"Nimemchonga."

"Umemchonga vipi?"

"Vibaya, mwanangu."

Akakaa chini palepale kwenye kizingiti. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Watu wengine baba zao ni mabaharia, wanakuwa mbali," akaingia ndani.

Asubuhi yake nilifika kazini mapema, sina raha. Ruqaya keshakaa anachora. "Tatizo si ndevu," akasema. "Tatizo ni rangi nyingi kwenye uso mmoja. Laiti uso wote ungekuwa rangi moja, kiza kitakachobaki kingekuwa cha umbo peke yake. Lakini nani atamwambia mtu kama yule anyoe?"

Mama Neema alikuwa anakanda chapati pale kwenye jiko letu dogo. Akanyanyua mikono, myeupe mpaka viwikoni. "Si mumpake unga? Mimi mikono ikiwa na unga ndiyo naona mikunjo yangu yote. Bila unga naona mkono tu."

Ruqaya aliacha kuchora. Akaenda akamshika Mama Neema mkono, akaugeuza chini ya taa, huku na huku, muda mrefu.

"Madam," akasema Mama Neema, "chapati zinakauka."

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupiga simu. Niliomba Mungu asipokee yeye, na hakupokea yeye, alipokea Bi Shariffa. Nikamweleza yote. Nikasikia kitu kama birika linalochemka. Alikuwa anajizuia kucheka. "Ntakuja naye," akasema. Alimwambia nini, mpaka leo sijui, na mwenye busara haulizi mambo ya nyumba za watu.

Alikuja. Akakaa kwenye kigoda, kanzu tumeifunika kwa kitambaa cha meza. Ruqaya akatoa kopo la poda.

"Hiyo ni nini?"

"Poda, Mwalimu. Ni laini zaidi."

"Poda ni ya watoto wachanga," akasema Mwalimu Seif. "Unga ni chakula. Nipake unga."

Tukachekecha unga. Nikampaka mimi mwenyewe, kwa brashi mpya ya kunyolea, paji, mashavu, ndevu, masikio, nyusi.  Mwalimu alifumba macho kama anayenyolewa na kinyozi asiyemwamini. Ilipokwisha, ndevu, baka, mizizi, vyote vimekuwa rangi moja, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mkwe wangu ulivyoumbwa. Ana kidevu kizuri. Ana mikunjo miwili karibu na mdomo ambayo weusi ulikuwa unaimeza.

Sasa sikilizeni, hapa pana kazi. Hatukupiga picha moja. Tuliweka taa nne, juu, chini, kulia na kushoto, tukawa tunawasha moja, tunapiga, tunazima, tunawasha ya pili. Taa moja inaweza kukudanganya, lakini nne hazipatani kwa uongo mmoja. Sharti ni kwamba anayepigwa asitikisike hata kope.

Taa ya kwanza, vizuri. Ya pili, vizuri. Kabla ya ya tatu nikamwona mkwe wangu pua inacheza.

"Mwalimu, vumilia."

Alivumilia. Wallahi alivumilia, machozi yakachora njia mbili kwenye unga. Kisha akapiga chafya, si ya mtu mmoja, chafya ya darasa zima, na wingu la unga likapanda juu likagonga dari. Pale darini pana kile kidude cha kunusa moshi. Kikanusa unga. Kikalia.

Jengo zima likaanza kupiga king'ora. Milango ikafunguka, mafundi cherehani wakatoka na futi shingoni, wauza vitambaa, watu wa ofisi ya safari ya ghorofa ya tatu. Tukashuka ngazi pamoja nao, hatukuwa na hiari. Mwalimu Seif akashuka vilevile alivyo, kitambaa cha meza mabegani, mweupe kutoka kwenye nyusi hadi kifuani, akatoka kwenye jua la saa tano la Hamriya mbele ya watu wote.

Nilitamani ardhi ifanye kama ule ubao.

Mtu mmoja akamkodolea macho. Muuza simu, bwana mkubwa mwenye kitambi. "Mwalimu Seif?" Akasimama wima, mikono ubavuni kama yuko kwenye foleni ya asubuhi ya skuli. "Assalaam alaykum, Mwalimu!"

"Waalaykumu salaam, Nassor. Tumbo ndani."

Nassor akavuta tumbo ndani. Na fundi mmoja wa duka la mkabala akaja, naye alikuwa mwanafunzi wake, na mwengine, wakamzunguka wanampa mkono mmoja mmoja, na kila anayempa mkono anaondoka na unga. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Zimamoto wakafika. Aliyeshuka wa kwanza, kijana mrefu na kofia yake ya chuma, akamwona akakimbilia.

"Mwalimu! Umeungua?"

Mwalimu Seif akamtazama kwa heshima zake zote. "Sijaungua, Talal," akasema. "Bado nnakandwa."

 Halafu sauti ikatoka ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia. Mwalimu Seif alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akamshikilia mtu wa zimamoto, mpaka unga unamdondoka vipande vipande kama ukuta wa chokaa, na Mama Neema anamfukuzia nyuma na chekeche. "Jamani msimguse! Mnanimaliza unga!"

Tuliporudi juu tukampaka upya. Lakini kila akituliza uso, anakumbuka, unamponyoka. Ruqaya akasalimu amri. "Basi cheka, Mwalimu, ila ucheke bila ya kutikisika." Na aliweza. Miaka mingi ya kujizuia mbele ya watoto watundu inampa mtu misuli ya ajabu.

Ijumaa posa ililetwa. Mwalimu aliongoza wazee wao, akasema maneno yote kwa mpango wake, mazuri, mazito. Mimi nilichokiona ni kwamba ndani ya sikio lake la kushoto bado mna unga, na kwamba ndevu hakuzipaka. Zilikuwa nyeupe ukingoni, na kila wiki iliyofuata zikazidi. Asya alinitazama kutoka mlango wa ndani, akanionesha kidole gumba kwa siri. Nikajua nimeshasamehewa kutokuwa baharia.

Kibao kikachongwa kwa shaba, kikatoka barabara. Kidevu kipo, baka limekaa shavuni bila ya kuwa tundu, mikunjo miwili imezunguka mdomo, na mdomo umefunguka, meno yote ya juu yanaonekana. Tukakipeleka skuli, wanafunzi wa zamani wamejaa ukumbini, wengi wao wana vipara. Kikafunuliwa. Minong'ono ikaanza.

Kiongozi wao akatufuata pembeni, kaona taabu kusema. "Kazi nzuri sana, lakini, Bwana Khamis, huyu siye. Mwalimu wetu hana meno. Yaani anayo, ila hatujapata kuyaona. Tunaomba mtuchongee yule mwengine, tuliyekuwa tunamwogopa."

Nilimtazama Ruqaya, Ruqaya akakitazama kibao. Bi Shariffa ndiye aliyenyanyuka kwenye kiti cha mbele. Alikwenda mpaka penye kibao, akasimama nacho uso kwa uso, akakipangusa shavu kwa ncha ya buibui lake.

"Kiacheni hapahapa," akasema. "Mimi huyu nnamjua. Huyu ndiye aliyekuja kuniposa. Yule wenu alikuja baadaye, na skuli."



"Shariffa," akasema Mwalimu Seif kwa ukali kutoka nyuma yake, "watu wanasikia."

Lakini meno yote yalikuwa nje.